Ubavu wa Kumi na Tatu

Mwaka 1999, pale Haneti, mtaalamu wa mifupa Octavian alipiga marufuku mtu yeyote kula karibu na kaburi la kale walilokuwa wakilifukua. Mwenyewe alishinda shimoni akipima, na jioni kwenye kompyuta, akiingiza vipimo vya kila mfupa, mpaka programu ikamchora marehemu mzima, ukitaka unamgeuza mbele na nyuma kama mshikaki.

Ila ubavu mmoja ulizidi. Kulia kumi na mbili, kushoto kumi na tatu. Programu iliukataa mara tatu, Octavian akaulazimisha. Kwa kuwa ulikuwa na alama za kukatwa, akaanza ripoti: shujaa mwenye ubavu wa ziada, aliyeuawa kwa silaha yenye pengo.

Mama Sidonia, mpishi wa kambi, alipoleta chai akaitwa ashuhudie. Octavian akaukuza ubavu ule mpaka ukajaa kioo. Mama akautazama, akaenda jikoni, akarudi na kisu chake. Makali yake yalikuwa na pengo, na pengo lile lililingana na alama za ubavuni, sawasawa.

"Huyu ni mbuzi wa Jumanne, mwanangu."

Octavian akawaka. Alitaka kujua ni mshenzi gani aliyethubutu kula kaburini.

"Wenzako wote walikula jikoni," Mama Sidonia alisema, akimmiminia chai taratibu. "Wewe ndiye uliyesema huna nafasi ya kutoka shimoni, nikakuletea sahani hukohuko."