Nimekanyaga

Fundi Isihaka wa Tumbi alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na watu wasiojua kutumia maneno. Ukimpelekea gari ukamwambia breki hazishiki, atakuuliza: hazishiki kabisa, zinashika ukikanyaga mara mbili, au zinashika upande mmoja? Na usipojua, atakurudisha barabarani ukajue kwanza. Watu wa Kibaha walimcheka kwa tabia hiyo, lakini magari yao yakigoma walikuwa hawaendi kwa mwingine.

Basi mtu huyohuyo, mchunga maneno ya wenzake, alimwacha mkewe kwa sababu ya chupa ya mafuta.

Siwema alikuwa ameishi naye miaka ishirini na sita. Jioni ulipoandama mwezi wa Mfungo Saba taa ilikauka, na duka lilikuwa limeshafungwa. Akaona chupa chini ya meza ya zana, akainusa, ikanuka nyonyo. Kwao Marui bibi yake aliwasha taa kwa mafuta ya nyonyo maisha yake yote, kwa hiyo Siwema hakusitasita, akamimina. Hakujua kwamba yale ni mafuta ya breki, yaliyochanganywa na spiriti, na kwamba Isihaka aliyasubiri wiki sita kutoka Dar es Salaam. Taa ilitoa mwali, kioo kikapasuka. Isihaka akaingia mbio, na badala ya kuuliza kama mkewe ameungua, akauliza kuhusu chupa.

"Laiti ungeniuliza mimi hali yangu kama unavyoyauliza magari ya watu," Siwema alisema, huku amejishika mkono.

"Nimekuacha," Isihaka akajibu. "Talaka moja."

Neno hilo alilitamka sawasawa, halikuwa na kasoro hata moja.

Siwema alikuwa ameshapita umri wa kuzaa, kwa hiyo eda yake ilihesabiwa kwa mwezi wa mbinguni: miezi mitatu, Mfungo Saba, Mfungo Nane na Mfungo Tisa. Katika muda huo mume anaweza kumrejea mkewe pasipo ndoa mpya wala mahari mapya. Mwezi wa Rajabu ukiandama, mlango umefungwa. Siwema alipaswa kukaa eda nyumbani kwa mumewe, lakini alikataa kulala chini ya paa lile. Asubuhi alifunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Mwinyimadi, Marui, kule ndani Kisarawe.

Alfajiri hiyo Isihaka alikuwa ameshajuta. Nasema alikuwa ameshajuta kabla mwanamke hajafika hata Kiluvya. Lakini ana uso wa kulinda mtu huyu, na uso wake ulimgharimu. Atakwendaje kwa shemeji yake kwa miguu, mikono mitupu, kama mtu aliyefukuzwa? Akasema atanunua kwanza taa mpya. Akainunua, taa nzuri ya chemni, mwezi wa kwanza ukapita. Akasema atapata usafiri wa heshima. Na kila aliyemuuliza habari za nyumbani alimpa jibu moja: "Siwema? Nitamrejea." Alilisema msikitini na kwa muuza kahawa. Alimpa hata Mboni, mama muuza vyungu aliyekuwa akipita vijiji vya Kisarawe, alipeleke: "Mwambie Siwema nitamrejea."

Usafiri wa heshima ulikuja mwezi wa pili. Bwana Kosta, Mgiriki meneja wa shamba la mkonge, alikuwa na kigari chekundu cha mbio, cha viti viwili, hakina paa, kimekaa chini mpaka kuku wa Tumbi walikitazama usoni. Kilikuwa na umri wake, na mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, ilikuwa imechakaa: miwili ya mbele imepasukapasuka, na ule wa nyuma umevimba tumbo. Bwana Kosta alisema mipira mipya ikifika na kufungwa, Isihaka na dereva wa shamba, Twalibu, waende wakakijaribu kigari kwenye vilima vya Kisarawe. Breki ikikubali kule, itakubali popote.

"Hata Marui, Bwana?" Isihaka aliuliza.

"Hata Marui."

Mipira ikachelewa, kama kawaida ya vitu vya kuagizwa. Ilifika asubuhi moja ya Machi, mwaka hamsini na tatu, tarehe ishirini na tisa ya Mfungo Tisa. Mwezi ungeweza kuonekana jioni ileile. Ungeweza pia kungoja kesho, lakini hilo Mungu tu alilijua.

Isihaka alilala chini ya kigari tangu saa mbili. Mipira ya mbele ilitoka bila matata. Wa nyuma ulikuwa na nati iliyoshikana kwa kutu, akaibembeleza kwa spana na mafuta ya taa kidogokidogo, maana angeilazimisha angekata bomba lenyewe, na bomba la kubadilishia hana. Adhuhuri ilimkuta bado hapo. Mpira mpya ulipokaa mahali pake, aliufuta kwa kitambaa kikavu, akautazama jinsi unavyocheza gurudumu likigeuka. Ulikuwa haugusi kitu.

Ikabaki kutoa upepo. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedeli. Mwenzake yuko chini kwenye gurudumu, anafungua kiskrubu mafuta yatoke na mapovu yake, halafu anafunga kabla pedeli haijaachiwa. Mguu ukiachia mapema, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya.

"Kanyaga!" Isihaka akaita.

"Nakanyaga!" Twalibu akajibu kutoka juu.

Isihaka akafungua. Povu likatoka, likarudi lote.

"Twalibu! Umekanyaga au unakanyaga?"

"Si nimekwambia nakanyaga, Fundi?"

"Ndiyo makosa yenyewe. 'Nakanyaga' mguu wako uko njiani. 'Nitakanyaga' uko bado nyumbani kwenu Kwala. Mimi nataka neno moja tu: 'nimekanyaga'. Bila hilo sifungui."

"Haya, mwalimu wa Kiswahili," Twalibu alisema, akacheka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole, aliyezoea kusomeshwa na kila mtu. "Nimekanyaga!"

"Achia."

"Nimeachia!"

Walikwenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Kati ya gurudumu la tatu na la nne Twalibu aliuliza safari yenyewe ni ya nini hasa.

"Ya Siwema. Nitamrejea leo."

"Mwezi je? Wanasema huenda ukaonekana leo."

"Kabla jua halijazama nitakuwa nimemrejea."

Saa tisa pedeli ilikuwa bado laini kidogo. Twalibu alisema inatosha, twende. Isihaka aliikanyaga mwenyewe, akaisikiliza kwa unyayo. Alilitazama jua. Moyo wake ulimwambia panda gari uende, na mimi nashuhudia kwamba ulimwambia kwa sauti kubwa. Lakini vile vilima vina miteremko mirefu, na watu hupanda na kushuka pembeni na mizigo kichwani.

"Zunguka tena," alisema. "Tuanze gurudumu la nyuma."

Ikawa saa kumi na nusu ndipo pedeli ilipokuwa ngumu kama inavyotakiwa. Isihaka alioga haraka, akavaa kanzu, akapakata taa ya chemni mapajani, wakaondoka.

Kigari kilikwenda vizuri mno. Waliingia Kiluvya, wakaanza kupanda Kisarawe, na kila kwenye kona Twalibu alikanyaga breki, nacho kilitulia bila kuvuta kulia wala kushoto. Barabara ya kwenda Maneromango ilikuwa mchanga na mashimo, wakalazimika kwenda taratibu. Jua lilizama wakiwa wamebakiza maili tano. Katika kijiji kimoja waliona watu wamesimama mbele ya msikiti, wote wametazama magharibi. Mtu mmoja akanyoosha mkono. Watoto wakaanza kupiga kelele: "Umeandama! Rajabu! Umeandama!"

Isihaka aliutazama. Ulikuwa mwembamba, uko wazi kabisa, hauna shaka yoyote ya kumsaidia mtu.

"Labda wao hawajauona kule," Twalibu alisema.

Isihaka alimwashiria aendelee tu.

Marui walipofika, Mwinyimadi aliwapokea vizuri, akawakalisha barazani. Siwema alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Isihaka alimtambua kwa kikohozi chake. Mwalimu Saburi, mzee wa chuo cha Kurani, alikuwa ametoka msikitini naye yuko palepale.

"Shikamoo, mwalimu," Isihaka alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwezi tumeuona."

"Nimeuona na mimi. Nilikuwa njiani, mwalimu. Nimekuja kumrejea mke wangu. Gari lilikuwa na mipira mibovu, nisingeweza kulitoa vile. Nimechelewa kidogo tu, nusu saa."

Mwalimu Saburi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani nani alikwambia lazima uje?"

"Sijakuelewa."

"Kumrejea mke ni neno, Isihaka. Unasema 'nimemrejea mke wangu', mbele ya watu wawili wakusikie, imekwisha. Hata uwe Tumbi, hata uwe chini ya hilo gari lako. Yeye si lazima awepo. Sisi tungeletewa habari tu." Mzee alisogea mbele, na sauti yake ikawa na tumaini. "Hebu kumbuka vizuri. Hukupata kulisema? Mboni alileta salamu hapa. Alisema umesemaje, vile?"

Nyuma ya pazia, Siwema alisogea karibu na mlango.

Isihaka aliyakumbuka yote, msikitini, kwa muuza kahawa, kwa Mboni, kwa Twalibu leo mchana. Miezi mitatu, kila siku, mara ngapi.

"Amesema, mwalimu!" Twalibu aliingilia. Uso wake ulikuwa unamwomba Isihaka amwachie aseme hivyo. "Leo mchana, mimi nimesikia kwa masikio yangu, na wapita njia nao wamesikia. Amesema nimemrejea."

"Alisema hivyo?" Mwalimu akamgeukia Isihaka. "Hivyohivyo?"

Lilikuwa jambo la kutikisa kichwa tu. Lakini mke wa kumrudisha kwa uongo mbele ya mwalimu angelala naye vipi, na angeamka naye vipi?

"Nilisema 'nitamrejea'," Isihaka alisema. "Siku zote. Na leo nilisema 'nitakuwa nimemrejea'. Twalibu ananionea huruma tu."

Mwalimu Saburi akafumba macho. "Nita," alisema polepole. "Basi hiyo ni ahadi. Haimrudishi mtu."

Mwinyimadi akakohoa, akasema mambo hayajaharibika: talaka ni moja, ndoa mpya inaruhusiwa, na mahari yeye hana shida nayo, hata kilemba cha zamani kitatosha. Kilichobaki ni mwenyewe kukubali. Akaita, "Siwema, umesikia?"

Siwema akatoka. Alikuwa amekonda. Kovu la moto lilikuwa juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia, na Isihaka ndiyo kwanza analiona.

"Mimi nilijua," Siwema alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Isihaka zaidi. "Nilimuuliza mwalimu siku ya kwanza, akanieleza. Kwa hiyo sikungoja gari. Nilingoja mtu yeyote anayetoka Kibaha. Alikuja Mboni, nikamkimbilia mpaka njiani. Nikamwambia rudia tena alivyosema. Akarudia. Nikamwambia labda umesahau, rudia. Leo nimekaa hapa tangu alasiri, nasikiliza kama kuna anayepita."

"Siwema, nilikuwa naitengeneza ile breki..."

"Najua. Ulikuwa unaitengeneza vizuri." Alivuta ushungi. "Lile neno ningelipokea, Isihaka. Wallahi ningelipokea na kufunga nguo zangu usiku huuhuu. Lakini kuanza upya, niulizwe mbele za watu kama mwari niseme ndiyo, baada ya kukungoja hivi, siwezi. Ndoa yangu ilikuwa ile."

"Nimekuletea taa," Isihaka alisema, kwa sababu hakuwa na kingine mikononi.

Siwema aliitazama taa. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Mkono umepona," alisema, ingawa hakuulizwa, akarudi ndani.

Isihaka na Twalibu waliondoka bila kula, ingawa walisihiwa sana. Mwezi ulikuwa umeshatua. Kigari kiliteremka vilima vya Kisarawe kwa utulivu, na Twalibu aliendesha mpaka katikati ya mteremko mkubwa, Isihaka alipomgusa bega.

"Simamisha."

Twalibu akakanyaga. Gari likasimama palepale, halikuyumba. Kwa mazoea ya mchana kutwa, ulimi wake ukateleza: "Nimekanyaga."

Isihaka akainama juu ya ile taa aliyorudi nayo, akalia kama ambavyo Twalibu hakuwahi kumwona mtu mzima akilia. Alipopata pumzi akainua kichwa, akatamka kila neno kwa ukamilifu, na wa kumsikia alikuwa mmoja tu.

"Nimemrejea mke wangu Siwema."

Twalibu aliendelea kukanyaga pedeli, akasubiri aambiwe aachie.