Glasi ya Nne

Kazini huniita Pua, na kwa miaka ishirini na miwili nimelipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi. Mimi ndiye mwonjaji mkuu wa mvinyo. Hakuna mvinyo unaotiwa kwenye chupa mpaka niseme ndiyo.

Asubuhi hiyo tuliketi wawili kwenye chumba cha kuonjea, mimi na msaidizi wangu, binti mkimya niliyemfundisha kazi mwenyewe. Mbele ya kila mmoja wetu palikuwa na glasi tano za Shiraz, mvinyo mwekundu uliolala miezi kumi na minane katika mapipa ya mwaloni. Utaratibu wetu ni kuonja, kutema na kuandika, bila kusemezana mpaka karatasi zisomwe. Glasi moja huwa ya mtego: mvinyo ulioharibiwa na kizibo kibovu, unaonuka gazeti lililolowa. Mtego huo niliuanzisha mimi, kwa kiburi changu, ili nijue nani ana pua na nani anabahatisha.

Nami sikuwa na pua. Mafua ya mwanzo wa mvua yalikuwa yameondoka nayo, na wiki ya saba sasa nilikuwa najidanganya kwamba itarudi. Nikigundulika, kazi imekwisha, na pale ndipo mahali pekee watu wanaponisemesha.

Nikazungusha glasi. Rangi ilikuwa nzito, karibu nyeusi. Ulimi ulinipa ulichoweza: uchachu kidogo, ukakasi uliokausha fizi, joto kooni. Yaliyobaki, yaani plamu zilizoiva, pilipili manga, vanila na moshi wa mwaloni, niliyaandika kwa kukumbuka tu. Ilikuwa kama kutazama televisheni iliyozimwa sauti. Glasi ya nne nikaipa alama za juu kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa laini mdomoni.

Tukabadilishana karatasi. Kwenye ya nne yeye alikuwa ameandika neno moja: mbovu.

Alisoma yangu, akairudia. Nikangoja acheke, maana mimi ningecheka. Badala yake alifunga mlango, akaniuliza ni tangu lini. Nikamwambia, na nikaongeza kwamba angalau nimejitahidi, hakuna aliyeshtukia.

Akainamisha kichwa.

"Mzee, naomba usinielewe vibaya. Hilo koti lako lina uvundo, wiki ya tatu sasa. Wote hapa tunajua, ila tuliona aibu kukuambia. Tulidhani mama atakuambia nyumbani."

Nikalitazama koti. Siku za mvua nilikuwa nalianika sebuleni, kisha nalivaa likiwa bado na unyevu. Nilitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Ilikuja aibu, na nyuma yake uchovu mkubwa.

"Mama yenu aliniacha mwaka juzi," nikasema. "Zile salamu zake ninazowaletea kila Jumatatu, huwa natunga mwenyewe."