Mafuta ya Mchaichai ya Mama Tshilombo

Domitille hakumwamini mama mkwe wake, na wala msimwambie kwamba ni dhambi. Kwa wiki tatu Mama Tshilombo alikuwa akimpaka mjukuu wake Shekina mafuta ya mchaichai, asubuhi na jioni, na kidonda cha mguuni kilizidi kuoza. Nesi wa hapo mtaani kwao Kapata alishasema wazi: kisipokauka kufikia Jumatatu, mtoto apelekwe mjini, na huko huenda wakaukata mguu.

Mguu wa mtoto wa miaka kumi na miwili, jamani!

Shekina alijikata kwa jiwe akisafisha mawe ya madini mtoni pamoja na Domitille, mama yake. Bibi akachemsha majani ya mchaichai katika sufuria iliyozibwa kwa udongo, mvuke ukapita kwenye bomba ukapoa, mafuta yakaelea juu ya maji, akayachanganya na mawese. Alidai yanaua vijidudu. Domitille akaguna. Kikulacho ki nguoni mwako, na bibi huyu hakuwahi kumpenda tangu siku ya mahari.

Basi akafanya jaribio lake la siri. Alimimina mchuzi wa maharagwe katika mabakuli mawili, moja akalitia matone ya yale mafuta. Siku ya pili mchuzi mtupu ulikuwa umechacha na kutoa povu. Wenye mafuta ulikuwa vilevile. Mwingine angefurahi. Yeye roho ilizidi kumchemka: kumbe chupa nzuri ipo, ila mtoto anapakwa nyingine! Akamfokea mkwe wake mbele ya majirani. Mama Tshilombo akamkabidhi ile chupa na kuingia ndani.

Domitille akapaka kwa mkono wake mwenyewe siku mbili. Jumamosi kidonda kikanuka kuliko jana yake.

Sasa amshuku nani? Alipokwisha kufunga kitambaa, akajifanya anakwenda sokoni, kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Shekina alikuwa amechuchumaa kando ya choo. Alishafungua kitambaa na kusugua mafuta yote kwa sabuni, na sasa alikuwa akijaza udongo kidondani, huku machozi yakimtiririka.

Domitille akamkamata mkono, akamuuliza kama ni bibi aliyemtuma.

"Hakuna mutu, mama," mtoto akasema. "Kikipona, mutanirudisha ku mawe. Mi sitaki."

Domitille akaapa kwa jina la Mungu kwamba hatamrudisha. Shekina akamtazama kwa jicho lilelile ambalo Domitille alikuwa akimtazamia mama mkwe wake.