Ngoma ya Kabange

Bantu ya kambi ya reli balimuita ule muzungu Bwana Buku, maana alikuwa anaandika buku moja kubwa sana ya ngoma zote za dunia. Alizunguka Élisabethville yote na mutuka yake, nyuma imejaa masanduku ya vioo vya kupigia foto. Ukurasa wa kabila ya Baluba ulibakia mweupe: alitaka ngoma ya pacha aliyekufa.

Kapita Faustin, musimamizi wa kambi, ndiye alimuambia habari yake. Kwa Baluba pacha akikufa haliliwi. Mama anacheza, anacheka, anatukana, ili yule mwenzake asimufuate. Lakini nani anaicheza mutoto akiwa angali muzima?

Numbi, mama Muluba wa kambi ile, alikuwa na mapacha, Kyungu na Kabange, ya miezi munane. Siku Bwana Buku alifika kambini, Kabange alikuwa anachomeka na homa, anaharisha, hata macho hafungui. Hopitali iko mbali, jua kali. Numbi kuona mutuka, akapiga magoti.

"Bwana, mutupeleke hopitali!"

Bwana Buku akasema maneno na Kifaransa. Faustin akayageuza: "Anakubali. Lakini ucheze kwanza ile ya kufa. Kidogo tu."

"Kapita, mutoto iko anapumua! Nikicheza, ni mimi namuzika."

"Basi, mubebe na mugongo. Kesho utafika," Faustin akacheka.

Numbi akamuachia jirani yake, mama Régine, batoto bote babili. Akacheza. Akacheka na mudomo tu. Vumbi ikapanda, foto ikaharibika, akaambiwa arudie. Mara ya pili, kivuli. Mara ya tatu, ati anacheka kama muntu mwenye kulia. Mara ya ine Bwana akafurahi, akaandika, akafunga masanduku.

Numbi akakimbia na Kabange mpaka kwenye mulango wa mutuka.

"Nafasi hakuna," Faustin akasema. "Anaharisha huyu. Na vioo vitavunjika."

Mutuka ikaenda. Numbi akashika njia na miguu. Hakufika hata kwenye reli: Kabange akalegea mugongoni, pumzi ikaisha, akapoa.

Akarudi naye. Bamama bakaanza kupiga mikono, maana sasa ilibakia Kyungu wa kuokoa. Numbi akaanguka chini. Chozi likatoka.

Mama Régine, Kyungu mukononi, akamupiga kofi.

"Cheka, weye! Unataka na huyu aende?"

Numbi akasimama, akacheka.