Hesabu ya Lumbesa

Sabina, binti yangu wa darasa la tano, alinisomea swali la shule huku nikizunguka uani, macho kwenye lori la mnunuzi. "Mkulima ameuza magunia matano ya vitunguu. Kila gunia lina kilo mia, kila kilo shilingi elfu moja. Amepata kiasi gani?"

"Laki tano," nikamkatiza. Ndiyo bei tuliyopatana na mnunuzi kwa magunia yangu matano.

Hakuandika. Alikuwa anawatazama vibarua wakishindilia vitunguu juu ya gunia lililokwisha kujaa, wakiishona nundu kwa kamba. Lumbesa, kama kila msimu.

"Baba, hiyo iliyozidi ni kilo ngapi?"

"Arobaini kila gunia. Andika jibu."

Akaandika. Nikachungulia daftari: laki saba.

"Umekosea, ni laki tano," nikasema kwa sauti, mnunuzi asikie.