Mguu Uliobaki

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha shule ya kijiji chetu, na somo langu la nyoka lilisikika mpaka mashambani. Kwetu watoto hawasomi kimyakimya. Wanaimba somo kwa pamoja, mishipa ya shingo ikiwatoka. "Ukiumwa mguu, funga kamba! Kaza! Kaza tena!" Asiyeimba alionja fimbo yangu. Nilikuwa mkali, sikatai.

Pyone ndiye aliyeimba kuliko wote. Akakua, akaolewa, na asubuhi moja ya kuvuna mpunga nyoka aina ya kifutu akamuuma kifundo cha mguu. Akafunga kamba chini ya goti, akakaza, akakaza tena. Mpaka mkokoteni wa ng'ombe ufike hospitali, jua lilishavuka utosi. Sumu waliiweza. Mguu, kamba ilishauua. Wakaukata.

Nilipopata habari nilisingizia kuumwa kichwa, nisiende kumwona. Miaka minne! Mwalimu mzima, najificha nyuma ya pazia akipita na magongo yake.

Mwaka huu mvua zilipoisha, wanafunzi wangu wa zamani wakaja kuniinamia kama ilivyo desturi, na blanketi na majani ya chai yaliyochachushwa, yale ya kula. Wakapiga magoti, viganja vimekutana, wakaniomba msamaha kwa makosa yao yote. Pyone naye alikuja. Akakaa chini kwa taabu, magongo ubavuni.

Wakamaliza, wakasubiri baraka. Nikashuka kitini, nikapiga magoti mbele ya Pyone.

"Jamani! Mwalimu, inuka!" Htay Lwin, mtoro wangu sugu wa zamani, akaruka. "Unatutia dhambini!"

"Nyamaza wewe, saba mara nane mpaka leo huijui." Machozi yalikuwa yananitoka. "Pyone, mwanangu, nilikufundisha makosa. Kamba yangu ndiyo iliyokula mguu wako. Nisamehe."

"Kitabu cha shule ndicho kilichosema," Htay Lwin akadakia.

"Kitabu hakikushika fimbo."

"Kule hospitali, kila mlango ukifunguka nilidhani ni wewe," Pyone akasema. "Mguu nilishakusamehe zamani, Mwalimu. Kutokuja kwako ndiko kulikoniuma."

Nikamshika mikono tu, tukalia wote wawili.

"Sasa tufundishe upya," akasema akijifuta. "Hawa wote bado wana kamba kichwani. Juzi mwanangu kaniimbia ileile, kaipata kwa baba yake!"

Nilikuwa nimeshamwendea nesi wa zahanati, akanirudisha darasani kama mtoto, akanionyesha njia sahihi. Nikachukua kipande cha mwanzi na kitambaa kikuukuu. "Nani ananipa mguu?"

Kwetu, kumnyooshea mwalimu mguu ni kumtukana. Htay Lwin akaficha nyayo zake chini ya nguo. Pyone akaunyoosha ule uliobaki, akauweka mapajani mwangu.

Nikaulaza kando ya mwanzi, nikaufunga taratibu, kiasi kidole changu kipite chini ya kitambaa. "Usikaze. Usichanje. Usinyonye. Mguu utulie. Asitembee, abebwe. Hospitali upesi, upesi!"

Nikamtazama Pyone. "Nakuumiza?"

"Hapana, Mwalimu." Akawageukia wenzake, sauti ileile ya darasa la tatu. "Haya, imbeni! Na wewe Htay Lwin, fungua mdomo."

Wakaimba mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza, na mguu wa Pyone sikuuachia.