Sakafu ya Unyambwa

Dina wa Unyambwa, huko Singida, aliusiliba uwanja wake wa kupuria kwa samadi mbichi ya ng'ombe, akauacha ukauke siku mbili, kisha akaita majirani. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita na mtama ulikuwa umekubali. Walikuja wanawake tisa na wanaume wanne, kila mtu na fimbo yake, na mitungi miwili ya pombe ikiwasubiri ukutani. Walipura mpaka saa kumi. Saa kumi Kariakoo ikaja.

Ilikuja nzima, na soko lake, na nyumba zake za vyumba sita, na mikokoteni yake, ikakaa juu ya uwanja. Uwanja wenyewe haukuzidi hatua ishirini kwa upana, lakini mtaa ule ulienea humo bila kubanana. Majirani walisogeza masuke yao yasikanyagwe. Jirani mmoja, Hana, aliyekuwa anapepeta, aliuliza kama kazi imekwisha kwa leo. Dina akasema pombe ipo, wanywe.

Kefa alitokea kwenye uchochoro wa tatu, amevaa kaptula ya gunia. Alikuwa mume wa Dina, na alikuwa marehemu kwa miaka minne. Serikali ilimchukua kwa kazi za vita, ikampakia kwenye lori hadi Manyoni, kutoka hapo treni hadi Dar es Salaam, akapakue meli. Baada ya miezi saba karani wa boma, Andrea, alikuja kusoma karatasi mbele ya jumbe. Ilikuwa na majina kumi na moja, la Kefa la sita, na ilisema hao wamekufa. Haikusema wamezikwa wapi, na Andrea alipoulizwa aliigeuza karatasi kutazama nyuma, kukawa hakuna kitu.

Kwa watu wa pale, mwenye mji, yaani baba wa nyumba, huzikwa zizini mwake. Akifia mbali, huletwa konzi moja ya udongo wa kaburi lake, unafukiwa zizini, na matanga yanaanuliwa. Bila udongo ule hakuna kinachoendelea. Dina hakuwa amenyoa nywele kwa miaka minne. Binti yake Redempta alikuwa amechumbiwa na Zefania, kijana wa kijiji cha Mkiwa, na ng'ombe wa mahari walikuwa tayari, ila hapakuwa na wa kuwapokea. Mughwai, mdogo wake Kefa, hakuweza kusimama mahali pa kaka yake ambaye matanga yake hayajaanuliwa.

"Mama Redempta, habari za siku nyingi?" alisema Kefa.

"Nzuri, baba Redempta. Walikuzika wapi?"

"Sijui. Wakati wananizika nilikuwa nimeshakufa. Lakini mji naujua. Njoo nikutembeze, tutauliza huko huko."

Redempta aliweka ungo chini, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuwa mkubwa. Umeshaolewa?"

"Bado. Tunakusubiri wewe."

Kefa akasema ni kweli.

Jioni ile alimtembeza mkewe Kariakoo, na zilizofuata akamtembeza mitaa mingine, kwa maana mji haukuja wote mara moja. Ulikuja mtaa mmoja kwa siku, saa kumi kamili, ukaondoka jua likizama. Lazima isemwe kwamba Kefa, aliyekuwa hajui jembe lake lilipo hata likiwa mlangoni, alikuwa mwongozaji mzuri. Alimwonyesha mahali maji ya bomba hutoka na mahali hukatika. Alimfundisha kwamba Kariakoo mgeni huuliza njia kwa wauza kahawa, kwa sababu hao wanapita kote. Ilala alimwonyesha nyumba zilizopangwa mstari, akasema wanaokaa humo wana kazi za kudumu na wanaringa kidogo. Gerezani ilipokuja alimpeleka kwenye kambi aliyolala, banda refu la bati, akamwonyesha ubao wake. Mtu mwingine alikuwa ameulalia. Uhindini walipita chini ya roshani, mafundi cherehani wakishona barazani, na Dina akasimama kutazama kitambaa cha bluu kwa muda mrefu kuliko alivyosimama mahali pengine popote.

Kila mtaa aliuliza swali lile lile. Watu walimjibu kwa adabu kwamba hawajui. Makuli hufa, walisema, na ofisi ndiyo hujua.

Siku ya tano ikaja Uzunguni, vigae vyekundu, bustani na upepo wa pwani. Siku hiyo Andrea alifika kwa baiskeli kutoka boma, na karatasi. Alieleza kwamba kwa sheria ya mji, mwenyeji asiye na kazi wala kibali haruhusiwi kuzurura sehemu ile.

"Uwanja ni wangu," Dina alisema.

"Uwanja ni wako, mama. Hakuna anayekunyang'anya. Ila kilicho juu yake leo si chako."

Dina akasimama kando ya uwanja wake, fimbo mkononi, mpaka jua lilipozama. Kefa naye alisimama, maana hata yeye kibali hakuwa nacho. Asubuhi walikuta mtama uliobaki uwanjani umefagiwa ukatupwa kwenye miiba, kwa kuwa ulichafua bustani. Hana na wenzake waliuokota. Ilichukua nusu siku.

Siku ya sita ikaja bandari yenyewe, na maji yake, na matishari, na meli tatu. Watu wa Singida wana ziwa lao la chumvi, hivyo bahari haikuwasumbua. Ng'ombe wa Mughwai walikwenda ukingoni wakalamba, wakarudi malishoni. Kwenye gati palikuwa na mzee mmoja, Bonaventura, anakunja kamba. Dina akamwamkia, akamuuliza.

"Wale wa kambi? Kumi na mmoja?" Bonaventura aliweka kamba chini. "Kuhara kuliwapitia ndani ya juma moja. Nimewazika mimi mwenyewe, pale mchangani. Nilipanga mawe. Halafu pakahitajika ghala."

Ghala lilikuwa refu, lina bati jipya. Ndani hapakuwa na mzigo, palikuwa na sakafu ya saruji tu, laini, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kefa ni yupi?"

"Pembe ile, nadhani. Mawe waliyaondoa."

Kefa aliitazama pembe ile. Akasema ni ghala zuri, halivuji. Dina alichuchumaa akaweka kiganja kwenye saruji, ikawa ya baridi. Alitaka kulia na kilio hakikuja. Alikuwa amekingoja miaka minne na sasa hakikuwepo. Alitafuta ufa ambao kidole kingeingia. Jua likazama, meli zikaondoka, maji yakaondoka, na ghala na Bonaventura na kamba yake. Dina alibaki amechuchumaa uwanjani kwake.

Sakafu haikuondoka. Ilibaki juu ya uwanja wa kupuria, imara, na namba saba imeandikwa kwa rangi nyeupe karibu na mahali palipokuwa mlango.

Asubuhi Mughwai alileta mtaimbo. Alipiga ile pembe mpaka adhuhuri, ukabanduka ukoko mdogo, na chini yake palikuwa na saruji tena. Akaamua kuchimba kutoka pembeni apite chini. Alitoa udongo, akaupeleka kwa mzee Manase, ambaye ndiye huonja udongo wa namna hiyo kabla ya kufukiwa. Manase aliuweka ulimini, akautema.

"Huu ni wa hapa hapa," alisema. "Una mizizi ya mtama. Kaka yako hakufia hapa."

"Lakini kaburi liko juu yake, mzee."

"Nakubali liko juu yake. Lete udongo wa kaburi."

Andrea alikuja akakataza kupiga sakafu, kwa kuwa ni mali ya bandari, lakini aliahidi kuandika barua, na kweli aliandika. Jibu lilifika baada ya masika. Lilisema ghala namba saba lipo mahali pake na sakafu yake, hakuna kilichopungua, na hakuna kumbukumbu ya mtu yeyote kuzikwa hapo. Andrea aliigeuza karatasi kutazama nyuma.

Zefania alisubiri mwaka mmoja mwingine, kisha akaoa msichana wa Kilimatinde. Hakuna aliyemlaumu. Redempta alimtumia mkeka kwa ajili ya harusi, akarudi kupepeta.

Kila msimu wa kupura Kefa huja saa kumi, hukaa kwenye ile pembe, na mgeni akipita humweleza Kariakoo iko upande gani na Ilala upande gani. Dina humwekea kata ya pombe. Nywele zake zimefika mabegani, zimeshaingia mvi, na mtu akimuuliza kama udongo umepatikana, anajibu bado.

Majirani sasa huleta mtama wao kupura pale, hata watu wa mbali, na huomba zamu mapema. Wanasema tangu wazaliwe hawajaona uwanja kama ule. Unga wa kwa Dina, wanasema, unautafuna wote, hukuti hata chembe moja ya udongo.